Herufi 26 Kati ya 26, Lakini Vijiko Vitatu Vimemshinda

Najua nimekuwa kimya tangu ile makala ya hifadhidata, na wawili wenu mmeniandikia kuuliza kama nimechoka. Sijachoka. Nilikuwa naandika programu ya simu ya kufundisha watoto wadogo, na leo nataka kuwaeleza kwa nini nimeiondoa kwenye duka la programu, ingawa ilikuwa inanilipia intaneti kila mwezi na chenji inabaki.

Binti yangu ana miaka minne. Januari anaingia chekechea, yaani PP1 kwa jina la siku hizi; wakati wetu tulisema nasari tu na maisha yakaendelea. Mimi nafanyia kazi nyumbani, mke wangu ni muuguzi wa zamu, kwa hiyo tuliamua mtoto asome nyumbani mpaka afike umri wa shule. Na mtu mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta akiona tatizo hufanya nini? Hufungua tarakilishi. Wiki tatu baadaye nilikuwa na programu yenye picha, sauti na nyota. Ukigusa herufi sahihi unapata nyota, ukikosea unasikia chura. Miezi mitatu baadaye binti yangu alikuwa anapata herufi 26 kati ya 26, na namba anazitaja mpaka ishirini bila kupumua. Nikaiweka dukani, watu wakaanza kuinunua. Nilijiona profesa.

Halafu mwezi wa nane tukaenda kwa mama yangu, Kilifi.

Mama alikuwa jikoni. Akamwita, "Mjukuu wangu, niletee vijiko vitatu." Mtoto akaja na fungu la vijiko mkononi. Mama akamwambia avihesabu. Akavihesabu vizuri kabisa, moja mpaka saba. "Haya, ni vingapi?" Akaanza tena: moja, mbili, tatu... Mama akaniangalia mimi, si mtoto. "Huyu haesabu, baba. Huyu anaimba."

Nilitaka kubishana, lakini nitabishana na nini? Kwa lugha ya kazi yetu, binti yangu alikuwa na uwezo wa kuchapisha orodha yote kwenye skrini, lakini hakujua kwamba neno la mwisho ndilo urefu wa orodha. Ni vitu viwili tofauti. Niliporudi Nairobi nikasoma na kukuta kwamba hili linajulikana zamani. Mwaka 1990 mwanasaikolojia Karen Wynn alichapisha utafiti ambamo watoto waliombwa kutoa idadi fulani ya vitu, kama alivyofanya mama yangu na vijiko. Wengi walioweza kutaja namba kwa mpangilio walikuwa wanachota tu. Mtoto huelewa kwanza moja, halafu mbili, halafu tatu, na kati ya hatua moja na nyingine kunaweza kupita miezi. Kwa hiyo mtoto wangu hakuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwenye programu, iliyokuwa imempa nyota kwa jambo ambalo halijui.

Na kuna jambo la Kiswahili hapa ambalo sikulifikiria kabisa nilipokuwa naandika msimbo. Programu yangu ilisema moja, mbili, tatu. Lakini nyumbani nani anasema hivyo? Jikoni ni vijiko vitatu, sahani tatu, mayai matatu, watu watatu, mikate mitatu. Mtoto inabidi agundue kwamba hayo yote ni tatu ileile imebadilisha shati. (Na bado nje kuna matatu inayobeba watu kumi na wanne!) Halafu sita na saba hazibadiliki, nane inabadilika, tisa haibadiliki. Hakuna anayemfundisha mtoto kanuni hizi. Anazipata kwa kusikia watu wakizungumza naye huku vitu vyenyewe vikiwa mkononi. Kila siku anayokaa na skrini inayosema "tatu" tupu anakosa sehemu hiyo.

Herufi nazo nilizikoroga. Niliweka majina ya Kiingereza: ei, bii, sii. Mtoto akikutana na neno "ana" anasoma ei-en-ei, na haoni ana yeyote hapo. Nyinyi mliowahi kufungua faili iliyohifadhiwa kwa usimbaji mmoja ukaifungua kwa mwingine mnajua ile takataka inayotokea kwenye skrini. Basi nilikuwa nimefanya hivyo kwa kichwa cha mtoto wangu. Herufi E kwa Kiingereza inaitwa kwa sauti ambayo kwa Kiswahili ni I! Bibi zetu waliofundisha a e i o u, halafu ba be bi bo bu, walikuwa na mfumo safi kuliko wangu, kwa sababu Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Hata ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto aanze shule kwa lugha inayozungumzwa pale anapoishi. Sisi wazazi ndio tunaokimbilia Kiingereza kabla mtoto hajamaliza kupanga sauti za lugha yake.

Na kabla ya herufi yoyote kuna sikio. Je, mtoto anasikia kwamba maji na mama yanaanza sawa? Anaweza kupiga makofi matatu kwa ka-la-mu? Mama yangu hafahamu lolote kuhusu nadharia hizi, lakini kila jioni alikuwa anatega vitendawili, na siku ya nne binti yangu alitega chake, kibovu kabisa, jibu lilikuwa "kuku" na kila mtu alijua. Alicheka mpaka akaanguka mkekani. Programu yangu haikuwahi kumchekesha hivyo, na ilikuwa na chura.

Tuliporudi tulikwenda kuona shule moja ya chekechea. Nilikuwa nimejiandaa kujigamba na zile herufi. Mwalimu hakuuliza herufi hata moja. Alimpa kopo la chakula lenye kifuniko, krayoni, na shati la mwanasesere lenye vifungo. Ndugu zangu, binti yangu alipitisha kidole kimoja juu ya kifuniko, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anafungua simu. Akangoja. Kifuniko hakikufunguka. Akaangua kilio.

Mwalimu hakumcheka wala hakunilaumu. Aliniambia, "Mzazi, herufi ni kazi yangu. Mimi nina watoto thelathini na watano na mikono miwili. Wewe niletee mtoto anayekwenda choo mwenyewe, ananawa mikono, anafungua chakula chake, anaweza kusema 'mwalimu, naumwa', na anajua kungoja zamu. Hizo herufi nitazimaliza."

Nimeyafikiria maneno hayo sana. Simu inahitaji kidole kimoja na haihitaji nguvu. Penseli inahitaji vidole vitatu vyenye nguvu, kiganja kilichotulia, na mkono wa pili unaoshika karatasi isikimbie. Nguvu hiyo inatoka wapi? Kwetu sasa inatoka kwenye vibanio vya nguo. Binti yangu ndiye anayebana soksi kwenye kamba, na ukikitazama kibanio utaona kwamba kinatumia kidole gumba na cha shahada, vilevile vya kushikia penseli. Anachambua maharagwe: mawe huku, mabovu kule, mazima kwenye sufuria, na hapo ameshapanga vitu kwa makundi bila mtu kumwambia ni hesabu. Anakanda kidonge chake cha unga wa chapati. Chapati yake inafanana na ramani ya kaunti na mimi ndiye ninayelazimika kuila. Anamenya yai la kuchemsha. Vifungo bado anapigana navyo.

La kungoja zamu lilinichoma zaidi, maana hapo programu yangu haikuwa imekosa kumsaidia tu, nadhani ilimharibu. Sisi waandishi wa programu tunachukia kusubiri. Nilikesha usiku mbili ili nyota itokee mara tu mtoto anapogusa. Sasa mpeleke mtoto huyo kwenye chumba chenye wenzake thelathini na wanne na kikapu kimoja cha matofali ya kuchezea. Dawa niliyoipata ni mchezo wa nyama nyama nyama, ambao kila Mkenya ameucheza. Kiongozi anataja mnyama. Kama analiwa unaruka, kama haliwi unatulia. Kwa mwandishi wa programu ni sharti moja tu, mistari miwili ya msimbo. Lakini kwa mtoto wa miaka minne ambaye mwili wote unataka kuruka, kusikia "ng'ombe, mbuzi, kuku, paka" na kujizuia kwenye paka ni kazi nzito sana. Mwanzoni aliruka kwa paka, mbwa, hata kiti. Siku hizi ananinasa mimi.

Msinielewe vibaya, sisemi simu ni sumu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inasema mtoto wa miaka mitatu na minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini akiwa amekaa, na ikipungua ni bora. Nilikagua kumbukumbu za matumizi: binti yangu alikuwa na wastani wa dakika hamsini. Tulikuwa ndani ya kipimo! Na bado kifuniko kilimshinda. Kipimo cha saa kinakuambia muda alioutumia, hakikuambii alichokosa muda huo.

Rafiki yangu mmoja, naye mwandishi wa programu, ameniambia nimepata wazimu. Hoja yake ni hii: mzazi anayetoka Githurai saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku atachambua maharagwe saa ngapi? Kwa mtoto huyo si afadhali programu kuliko kutazama ukuta? Ni hoja nzuri na siwezi kuitupa. Shule zilipofungwa Machi 2020, watoto wa chekechea hawakurudi mpaka Januari 2021, na nyumba nyingi hazikuwa na kingine zaidi ya simu ya mzazi, tena jioni. Wazo la programu yangu lilizaliwa wakati ule nikiwatazama watoto wa jirani. Kuna pia kazi nzuri inayofanywa: vibonzo vya Akili and Me vya kina Ubongo kule Tanzania vinamsemesha mtoto Kiswahili na vinamtaka ajibu. Lakini maharagwe katika nyumba ile ya Githurai yatachambuliwa hata hivyo. Kuna dada anayeyachambua. Anachofanya sasa ni kumpa mtoto simu ili asimsumbue, kwa sababu sisi tunaomlipa tunamuuliza kama nyumba ni safi, hatumuulizi kama mtoto alisaidia kuisafisha. Tukimwambia kwamba chakula kikichelewa nusu saa kwa sababu mtoto alikuwa anamenya vitunguu saumu hakuna atakayegomba, tutakuwa tumefungua chekechea nyumbani bila kununua kitu. Na akiwa anamsemesha Kiluhya au Kikamba, vizuri zaidi.

Kilichonifanya niiondoe programu ni maelezo niliyoiandikia mimi mwenyewe dukani: "Mwandae mtoto wako kwa intavyuu ya PP1." Nilijua ninachofanya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imezikataza shule za umma kumtahini mtoto ili kumkubali, isipokuwa mtihani wa kumpangia darasa. Lakini wazazi wamesikia kuna shule za binafsi zinazomketisha mtoto wa miaka minne na kumuuliza herufi, na hofu hiyo inauza. Mimi niliiuza. Mama mmoja aliniandikia kwamba mwanawe amepata nyota zote, je, sasa yuko tayari? Nilimjibu ndiyo, na alama ya tabasamu. Wiki iliyopita nimemwandikia tena, barua ndefu kuliko hii, nikamweleza habari ya vijiko na kifuniko. Bado hajajibu.

Rafiki yangu anasema ningebadilisha tu maelezo na kuendelea kula hela. Labda. Nilijaribu kuandika toleo jipya ambalo halina nyota na linamwambia mzazi jambo moja kwa siku: leo mwombe akuletee viatu viwili vya baba, leo mtege kitendawili. Lilipokamilika nikaona ni ujumbe mfupi tu wa simu, hata kabambe hauhitaji. Nitawajulisha kama litafika popote. Nyinyi wenye watoto nyumbani, niandikieni michezo mnayocheza nao, hasa ya kule kwenu ambayo sisi wa Nairobi hatuijui.

Jumapili mama alipiga simu na, kama kawaida, hakuuliza habari za kazi yangu. Aliuliza habari za vijiko. Nikamwambia sasa ukimwomba vitatu analeta vitatu, kila mara.

"Na vinne?"

Vinne bado anachota.