Litimasi Haitoshi Kupimia Asidi ya Yabisi

Mwanafunzi wa Isevya, mjini Tabora, akitikisa udongo katika maji yaliyokenekwa na kutumbukiza litimasi, huandika daftarini "asidi kidogo", na somo likaishia hapo. Kipimo hicho si cha uongo, ila kimepima maji tu. Asidi iliyoshikwa na uso wa chembe za udongo haikuguswa.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila gharama kubwa. Udongo uleule utikiswe katika mmumunyo wa kloridi ya potasiamu wa moli 1 kwa lita. Potasiamu hutwaa nafasi za hidrojeni na alumini zilizonata usoni, na kwa kawaida pH hushuka chini ya ile ya maji. Mmumunyo ukichujwa na kudondoshewa hidroksidi ya sodiamu kutoka bureti mpaka fenolftalini igeuke waridi, kiasi cha asidi iliyokuwa imeshikwa hujulikana. Kichanga na mfinyanzi vyaweza kuwa na pH moja katika maji, hata hivyo mfinyanzi ukahitaji chokaa nyingi zaidi. Mkulima wa mahindi ashauriwaye kwa litimasi peke yake hununua chokaa kwa kubahatisha.

Lakini kujua kiasi si kujua nguvu. Tabora ya misafara iliijua tofauti hiyo: kuhesabu wapagazi hakukumwambia mwenye msafara nani angebeba frasila mbili hadi kambini na nani angeanguka njiani. Katika vichocheo yabisi, ambavyo asidi yake hukaa usoni au hubebwa na yabisi nyingine, swali hili ndilo kiini. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Eugène Houdry alivunja molekuli kubwa za petroli kwa mfinyanzi uliotiwa asidi, wa jamii ipatikanayo mara nyingi katika udongo mweusi wa mbuga. Vituo vichache vyenye asidi kali huweza kazi ambayo vingi dhaifu haviwezi. Navyo vikizidi ukali hufunikwa upesi na kaboni.

Maji hayafai kupimia nguvu hizo, kwani ndani yake asidi zote kali huonekana sawa. Ndiyo sababu wataalamu, wakifuata kazi ya Mmarekani Louis Hammett ya mwaka 1932, huupima unga uliokaushwa kwa viashirio katika kimiminika kisicho maji. Wengine huunywesha unga gesi ya amonia, kisha huupasha moto polepole: iliyoshikwa kwa nguvu hutoka mwisho. Njia hii ni nyepesi, na husifiwa kupita kiasi. Amonia ni molekuli ndogo. Hupenya vitundu visivyoingiwa na molekuli za mafuta, wala haitofautishi asidi itoayo protoni na ile ipokeayo jozi ya elektroni. Piridini ikitazamwa kwa mionzi ya infraredi hutofautisha: ya kwanza huonekana karibu na 1540 kwa sentimita, ya pili karibu na 1450.

Basi takwimu ya asidi ya yabisi isiyotaja besi iliyotumika, wala jotoridi la kukaushia, haina thamani, hata ikichapwa kwa desimali tatu.

Benzeni itumikayo na viashirio vile huleta saratani, isiingie shuleni. Bureti na chumvi zatosha. Jedwali la mwanafunzi liwe na safu mbili, pH ya maji na pH ya chumvi, na mtihani umwulize kwa nini hazilingani.