Kijiji Kinawajua, Ofisi Inadai Karatasi

Kila tarehe 25 Julai viongozi wetu husimama mbele ya mnara, wakaweka mkuki, ngao na mashada ya maua, tarumbeta ikalia, mashujaa waliokufa wakakumbukwa. Ni haki yao. Makaburi ya Kaboya kule Muleba yanastahili heshima hiyo na zaidi. Mimi nauliza habari za walio hai. Mgambo waliotoka vijijini kwenda kupigana Vita vya Kagera, wakarudi salama, wakashika tena jembe na sasa wanazeeka nalo mkononi, wamewekewa nini?

Tusijifanye tumesahau. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, yakaua raia, yakaswaga ng'ombe, yakalivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alipotangaza vita, jeshi letu lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, baada ya miezi michache walikuwa wamepita 150,000. Walioongezeka walitoka polisi, magereza, JKT na mashambani. Mkulima aliyezoea kufanya kwata ya mgambo kwa bunduki ya mti alipandishwa lori, akakabidhiwa bunduki ya kweli. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na wengi walizimaliza kwa miguu, wakipita Masaka na vinamasi vya Lukaya, ambako Amin aliongezewa nguvu na wanajeshi wa Libya. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka.

Kisha mgambo wakaambiwa: asanteni, rudini mkalime.

Kijijini kwetu yupo mmoja wao. Kipande cha bomu kingali kwenye paja lake, ukimgusa unakisikia chini ya ngozi, kigumu kama kokwa. Goti halikunjiki tena. Msimu wa mvua ukifika hulima ameketi chini, mguu mmoja ameunyoosha, mpini wa jembe ameukata ukawa mfupi, anajisogeza kwa makalio kutoka tuta hadi tuta. Asipolima, hali. Alipokwenda kuomba msaada aliulizwa namba yake ya jeshi na barua ya kuachishwa. Hana. Akaambiwa arudi akiwa na vielelezo.

Vielelezo gani? Karatasi za wakati ule nyingine zimeliwa na mchwa, nyingine zimeungua pamoja na nyumba za nyasi, nyingine hazikuandikwa kabisa. Siku ya kumpandisha kwenye lori hakuna aliyemdai kielelezo. Ilitosha kwamba mwenyekiti wa kijiji anamjua. Iweje basi siku ya kumlipa fadhila neno la kijiji lisitoshe? Kumtwisha mzee asiyeweza kupiga goti mzigo wa kutafuta karatasi ambayo serikali haikumpa ni dhuluma, na naiita kwa jina lake. Asante ya punda ni mateke, walisema wahenga, na sisi tumewapiga watu hawa mateke kwa zaidi ya miaka 40.

Najua hoja itakayoletwa: tukifungua mlango, watajitokeza na wasiowahi kuiona Kagera. Hoja hiyo ina jibu. Kaya masikini zinazosaidiwa na TASAF hutambuliwa kwanza na wanakijiji wenyewe kwenye mkutano. Ardhi ya kijiji nayo hugawiwa kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ikiwa tunauamini mkutano kwa fedha na kwa ardhi, tuuamini kwa hili pia. Aliyekwenda vitani, kijiji kizima kilimsindikiza. Anayedanganya hatamaliza sentensi mbili kabla bibi mmoja hajainuka kumwambia, "Wewe mwaka ule ulikuwa hapa hapa, mimi nakujua!"

Hoja ya pili ni fedha. Hiyo nayo ina jibu. Zanzibar, tangu Aprili 2016, inampa pensheni ya kila mwezi kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au alivua samaki maisha yake yote. Ilianza na shilingi 20,000. Si nyingi, lakini Zanzibar haikungoja kutajirika kwanza. Bara nako tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayosema mzee asiyejiweza atibiwe bure. Mzee akifika dirishani anaandikiwa dawa bure, kisha anaelekezwa akainunue duka la nje. Huko ni kumtibu kwa maneno.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anagonga 70. Kila msimu tunazika baadhi yao, na kila tunayemzika anatupunguzia deni bila sisi kulilipa. Taifa lenye haya halilipi madeni yake kwa njia hiyo.

Waheshimiwa wabunge, kazi hii inawezekana kabla ya Julai ijayo. Kila mtendaji wa kijiji afungue daftari. Majina yasomwe mbele ya mkutano mkuu, yapingwe au yathibitishwe hapo hapo. Yatakayothibitishwa yapewe pensheni na kadi ya bima inayolipia dawa, si ushauri wa daktari peke yake. Atakayekuja kuweka shada mnarani bila daftari hilo kuwa limefunguliwa, asiwataje mashujaa mbele yetu.