Baba yake Martin Luther

Jina la Martin Luther mmekwisha kulisikia. Ndiye yule padre wa Ujerumani aliyeanza kudai mageuzi mwaka 1517, hata Wakristo wa Ulaya wakatengana. Juma hili tuyaache mabishano yale. Tupige hodi nyumbani kwao tuwaone baba na mama, maana huko nako palikuwa na ugomvi, nao wazazi wengi watautambua.

Baba yake, Hans, alizaliwa katika ukoo wa wakulima wa kijiji cha Möhra. Kwa desturi ya huko shamba lilirithiwa na mtoto wa kiume wa mwisho, na Hans hakuwa wa mwisho. Basi akamchukua mkewe Margarethe, wakaenda kutafuta riziki kwenye machimbo ya shaba. Martin alizaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, sikukuu ya Mtakatifu Martino, akapewa jina hilo. Mwaka uliofuata wakahamia Mansfeld.

Hans alikopa fedha, akakodi matanuru ya kuyeyushia shaba. Martin alisimulia baadaye kwamba mama yake alikuwa akibeba kuni mgongoni. Lakini msidhani walilala njaa. Mwaka 2003 lilifukuliwa shimo la takataka karibu na nyumba yao, ikaonekana mifupa ya nguruwe, bukini na kuku, pamoja na gololi za watoto.

Fimbo haikukosa. Siku moja mama alimchapa Martin mpaka damu ikatoka, kwa ajili ya kokwa moja tu! Baba naye alimchapa hata mtoto akamkimbia, akaweka kinyongo. Ilimbidi mzee ahangaike kumrudisha moyo mwanawe.

Fedha ya shaba ikamsomesha Martin. Alifika Chuo Kikuu cha Erfurt mwaka 1501, na baada ya miaka minne akapata shahada kubwa. Tangu hapo Hans alimsemesha mwanawe kwa heshima, kama mtu anavyosema na bwana mkubwa. Alitaka awe mwanasheria, aoe nyumba ya watu wenye mali. Nani atamlaumu? Mtu aliyekopa na kutoka jasho hutazamia mavuno.

Tarehe 2 Julai 1505, karibu na kijiji cha Stotternheim, radi ilipiga karibu na Martin. Kwa hofu akamlilia Mtakatifu Anna, msimamizi wa wachimba madini, akaahidi kuwa mtawa. Siku 15 baadaye akaingia nyumba ya Waagustino mjini Erfurt, bila idhini ya baba. Hans alikasirika mno, akarudia kumsemesha kama mtoto mdogo.

Hata hivyo, Misa ya kwanza ya mwanawe mwaka 1507 alikuja, na wapanda farasi 20, akatoa gulden 20 kwa jiko la watawa. Mezani Martin akamwuliza kwa nini alimkasirikia. Mzee akajibu mbele ya wakubwa wote: Je, hamjasoma kwamba imetupasa kuwaheshimu baba na mama? Martin akasema ameitwa kutoka mbinguni kwa radi ile. Baba akamwambia aangalie isiwe hila ya shetani.

Maneno hayo yalimkaa Martin moyoni. Mwaka 1521, alipoandika kitabu cha kupinga nadhiri za watawa, alikitanguliza kwa barua kwa baba yake, akakiri kwamba mzee alisema kweli. Sisi Wakatoliki kitabu hicho hatukikubali, lakini barua ile ni ya mtoto kwa baba yake. Mwaka 1525 alioa, na mtoto wake wa kwanza akamwita Hans.

Mzee alikufa tarehe 29 Mei 1530. Martin alikuwa mbali, katika ngome ya Coburg. Habari ilipomfikia alichukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia hata kesho yake kichwa kikamwuma.