Posa ya Agellius si Mahubiri

Kasisi akiandika riwaya ya mapenzi, wasomaji wengi huwa wameshaihukumu kabla ya kuifungua: hayo ni mahubiri yaliyovikwa gauni la harusi. Kijana na binti wamewekwa ili msomaji asisinzie. Mmoja ataongoka, mwingine atafurahi, kasisi atafunga kwa sala. Kauli hiyo naikataa, na ushahidi wangu ni vitabu vilevile vinavyotolewa mfano.

Chukua *Callista* ya John Henry Newman, iliyotoka mwaka 1855, alipokuwa padri, miaka 24 kabla ya kufanywa kadinali. Mambo yanatokea Sicca, mji ambao leo ni El Kef nchini Tunisia, yapata mwaka 250, Kaisari Decius alipoamuru raia waitolee miungu sadaka. Agellius, kijana Mkristo, anampenda Callista, Mgiriki anayetengeneza sanamu za miungu kwa ajili ya duka la Jucundus, mzee wa ukoo wa Agellius. Mzee anaisukuma ndoa hiyo kwa nguvu zote, maana anatumaini mke mzuri atamtoa kijana kwenye Ukristo.

Agellius anapeleka posa mwenyewe. Callista anaikataa, na sababu yake inachoma. Zamani alikuwa na mtumwa, Chione, msichana Mkristo aliyekufa akiwa na furaha ambayo bibi yake hakupata kuiona kwa mtu mwingine. Tangu siku hiyo Callista amekuwa akingoja Mkristo atakayemweleza huyo Mungu wa Chione ni nani. Agellius amekuja mara nyingi, ameketi, amezungumza, na kumbe shida yake ilikuwa kupata mke. Callista anamwambia wazi kwamba yeye Agellius amesimama mbele ya Bwana wake na kumziba asionekane, na kwamba sasa hata imani ya Chione anaiona kama ndoto.

Sasa hapo mhubiri ni nani? Muumini ameaibika, na haki yote iko upande wa mwanamke asiyebatizwa, anayeishi kwa kutengeneza sanamu. Padri aliyetaka kuhubiri tu asingempa mpagani maneno mazito kuliko yote kitabuni. Tena ukiyaondoa mapenzi, kosa la Agellius halionekani kabisa, kwa kuwa ni kosa la mtu anayependa: anamtaka Callista bila kujiuliza Callista mwenyewe anatafuta nini.

Nakubali kwamba si makasisi wote waliofika hapo. *Fabiola* ya Kadinali Wiseman, ya mwaka 1854, inaisimamisha hadithi ili itufundishe jinsi makaburi ya chini ya ardhi ya Roma yalivyochimbwa, na wafia dini wake ni wema mno hata huwezi kuwahofia. Charles Kingsley, kasisi wa Kianglikana, naye alikuwa na ugomvi wake: *Hypatia*, iliyotoka 1853, inapiga vita useja na utawa waziwazi. Lakini hata huyo mwenye chuki zake alichagua kusimulia Aleksandria ya mwaka 415, ambako mwanafalsafa Hypatia aliraruliwa na kundi la Wakristo ndani ya kanisa. Kasisi huyo hakuwaficha wauaji waliokuwa wa imani yake mwenyewe. Na makasisi hawa hawakuwa kwaya ya sauti moja: Wiseman na Newman walikuwa wakimjibu Kingsley, na mwaka 1864 Kingsley na Newman waligombana hadharani kuhusu ukweli na mapadri.

Wengine husema, padri mseja anajua nini kuhusu mapenzi? Swali hilo linadhani mapenzi ni chumba cha ndani tu. Newman alipoingia Ukatoliki mwaka 1845 alipoteza marafiki wa miaka mingi wa Oxford. Alijua maana ya kumpenda mtu huku imani ikiwatenganisha, na ndiyo maana hakumpa Agellius njia rahisi. Wala Callista hakupata njia rahisi: anakamatwa kwa tuhuma ya Ukristo akiwa bado si Mkristo, anakataa kufukiza ubani kwa miungu asiyoiamini tena, na ubatizo wake anaupata gerezani, baada ya kujisomea mwenyewe Injili ya Luka.