Kamera Kuukuu na Picha za Gizani

Kamera za filamu zimerudi mikononi mwa vijana, hata Pentax ikatoa mpya mwaka 2024. Lakini je, wanazifahamu zile kuukuu? Olympus XA ya mwaka 1979 hupima mwanga yenyewe, na penye giza huacha pazia lake wazi hata sekunde 10. Isilolijua ni kwamba filamu nayo huchoka. Mwanga hafifu ukikawia, filamu huupokea kwa uvivu, na picha hutoka nyeusi. Dawa ni kuidanganya mashine: kwa filamu ya 400 weka namba 200, nayo itaongeza muda maradufu. Wazee wa studio wanayajua hayo. Vijana wasipowauliza mapema, kamera nzima zitatupwa zikidhaniwa mbovu.