MACHOZI YA SAULI HAYAFUTI AGIZO LA KORTI



Fungua 1 Samweli 24. Sauli analia mbele ya Daudi kule En-gedi na kukiri kwamba amemkosea. Daudi hakurudi naye nyumbani. Alipanda ngomeni. Ukifika sura ya 26, Sauli yuleyule yuko nyikani tena na watu 3,000, anamwinda. Anakiri tena, anamsihi arudi. Daudi hakumlipiza kisasi, lakini pia hakurudi. Alikimbilia Gathi.

Hapa Kenya, tangu 2015, tuna sheria ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani. Korti inaweza kutoa agizo la muda haraka, hata kabla ya kumsikiliza anayelalamikiwa, kisha isikilize pande zote mbili. Kulivunja agizo hilo ni kosa la jinai.

Sasa agizo lidumu kwa muda gani? Mimi nasema: lidumu hadi hatari iishe, si hadi mtu alie. Anayetaka liondolewe, aende kortini yeye mwenyewe, aonyeshe kwamba amebadilika. Mama asilazimishwe kurudi kila baada ya miezi michache kusimulia upya jinsi alivyopigwa.

Mtu atauliza, "Pasta, je, akisingiziwa?" Ndiyo maana korti humsikiliza naye pia. Na wanaume wanaopigwa, sheria hii ni yenu pia. Msione haya.

Lakini kikao cha wazee wa kanisa si korti. Tusimwendee dada yetu na Biblia mkononi tukimwambia, "Ondoa kesi, mume wako ameokoka." Zakayo alipookoka, hakudai aaminiwe siku hiyo hiyo. Aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Toba ya kweli haiogopi kungoja.

Mpendwa, unaweza kumsamehe mtu leo, moyoni mwako, na bado ulale mahali ambapo mkono wake haufiki. Hiyo si kukosa imani. Daudi alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana, na bado alikaa mbali na mkuki.

Kama uko hatarini, piga 1195. Ni bure. Kisha umwambie mtu mmoja unayemwamini.

Baba, ficha kila anayelala kwa hofu usiku wa leo. Wape mahakimu wetu hekima, na ulipe kanisa lako ujasiri wa kusimama na aliyeumizwa. Katika jina la Yesu.

Kama unakubaliana, andika AMINA, na umtumie mwenzako. 🙏