Waokoaji Nao Wanahitaji Kuokolewa

Jumamosi ya tarehe 7 Juni, 2025, lori lililokuwa likiteremka mlima wa Iwambi, katika barabara kuu iendayo Tunduma, liliyagonga magari ya abiria. Watu 28 walipoteza maisha. Habari zilitangazwa, rambirambi zikatolewa, marehemu wakazikwa, na magari yakaendelea kupanda na kushuka mlima ule ule.

Taarifa ya ajali huwahesabu waliokufa na waliojeruhiwa. Haiwahesabu watu wa kundi la tatu, yaani wale wanaoitwa kwenda kuwatoa wenzao katika vyuma, ambao hurudi nyumbani wazima wa viungo lakini usingizi umewapaa. Hao ni askari wa Zimamoto na Uokoaji, polisi wa usalama barabarani, madereva wa magari ya wagonjwa, wauguzi na madaktari wa zamu, na wahudumu wa chumba cha maiti. Wamo pia wananchi wa kando ya barabara, ambao mara nyingi hufika kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mikoa ya Mbeya na Iringa inalijua jambo hili kuliko mingi. Barabara ya TANZAM, inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo, hupita humo katika miteremko mikali na ukungu. Tarehe 11 Machi, 2015, huko Changarawe, Mafinga, kontena liliangukia basi lililotoka Mbeya, na watu zaidi ya 40 wakafa. Tarehe 1 Julai, 2018, watu 20 walikufa katika mteremko wa Igawilo, kwenye barabara ya Tukuyu. Mtumishi wa uokoaji anayekaa katika mikoa hii kwa miaka kumi haitwi mara moja. Huitwa tena na tena, na kila mwito humkuta akiwa bado ameubeba ule uliopita.

Wasioijua kazi hiyo hudhani kwamba ugumu wake ni damu. Damu huzoeleka. Kisichozoeleka ni simu inayolia mfukoni mwa marehemu, huku mwokoaji akijua kwamba anayepiga ni mama au mke anayeuliza basi limefika wapi. Kisichozoeleka ni kuchagua, kwa dakika moja, nani atolewe kwanza, kisha kuishi na uamuzi huo miaka yote. Tena Mbeya ni mji wa watu wanaojuana. Anayefunua shuka aweza kukuta uso wa jirani, wa mwalimu wake wa zamani, au wa mtoto aliyemwona asubuhi Mwanjelwa.

Wataalamu wameeleza yanayofuata. Mtu huota ndoto zile zile. Hushtuka kwa mlio wa breki. Huikwepa njia ya kule ajali ilikotokea. Hukasirika upesi na kujitenga na watu. Wengi hupata nafuu baada ya siku au wiki chache, hasa wakiwa na watu wa kuwategemeza. Hali hiyo ikipita mwezi bila kupungua, hayo ni maradhi, nayo yana tiba. Shirika la Kazi Duniani liliyaingiza maradhi hayo katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi mwaka 2010. Kwa hiyo mfanyakazi aliyeumia moyo kazini ameumia kazini, sawa na yule aliyevunjika mkono.

Hata hivyo, bado ipo desturi ya kuyafunika mambo haya. Husemwa kwamba askari halii, kwamba kazi ni kazi, na kwamba anayelalamika atafute kazi nyingine. Matokeo yake ni kwamba mtu hutafuta dawa yake mwenyewe, na aghalabu huipata kilabuni. Gharama hulipwa na wengine: mke asiyeelewa ukimya wa mumewe, mgonjwa anayehudumiwa na mkono unaotetemeka, na mtoto anayesinzia darasani kwa sababu baba amepiga kelele usiku kucha. Walimu ndio huwa wa kwanza kumwona mtoto huyo. Inafaa wajue kwamba si kila usingizi wa darasani ni uvivu.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mwokoaji naye hawezi kujiokoa peke yake, na hapana sababu ya kumwachia kazi hiyo. Zipo hatua zisizongoja fedha nyingi. Baada ya tukio zito, mkuu wa zamu awakusanye watu wake kabla hawajatawanyika, awape maji na chai, na amuulize kila mmoja hali yake. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 unasisitiza kwamba asilazimishwe mtu kusimulia aliyoyaona. Asikilizwe anayetaka kusema, na anayenyamaza asiachwe peke yake. Ratiba ya zamu ipangwe ili aliyebeba maiti ya mtoto leo asirudishwe barabarani kesho, iwapo yupo mwingine. Baada ya wiki nne aulizwe tena. Akihitaji daktari apelekwe, na jambo hilo lisigeuzwe kuwa doa katika jalada lake wakati wa kupandishwa cheo.

Watendaji wanaoandaa bajeti nao wana sehemu yao. Huhesabu mafuta, mipira ya maji na matairi, na ni haki wafanye hivyo. Lakini gari la zimamoto haliendi lenyewe, na moyo unaoliendesha hauna kipuri. Fungu la ushauri na matibabu ya watumishi hao liwekwe penye mahitaji ya lazima, wala lisiwe la kwanza kukatwa. Na wananchi waliosaidia wasisahauliwe. Wenyeviti wa mitaa na vijiji wapite nyumba kwa nyumba kuwajulia hali.

Kupunguza ajali zenyewe ni wajibu mkubwa zaidi, nao usilegezwe. Lakini hata breki zote zikikaguliwa, mwito hautakoma kabisa. Namba 114 ikipigwa usiku wa leo, yupo mtu atakayeamka, avae na kwenda bila kuuliza anakwenda kuona nini. Haki yake ni kwamba atakaporudi, awepo wa kumpokea.